Mashimo Yaliyofutwa Kwenye Ramani

Nisogezeeni mto, wanangu, mkae karibu, maana sauti imebaki kidogo na sitaki kurudia. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka naye atakapoondoka, na msije mkamhamisha hata chumba. Meza yangu ya kuchorea achukue kitinda mimba, mwenye mkono mtulivu. Lililobaki ni la baba yenu mdogo, nalo nimelimeza miaka kumi na tisa.

Mnajua nilikuwa mchora ramani wa manispaa. Nilipewa ramani nne za zamani, kila moja ya kizazi chake, nioneshe kila kipande cha mji kilitumika kwa kazi gani. Miezi saba nilizinakili kwenye karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga, nikazilaza moja juu ya nyingine, daraja la mawe juu ya daraja la mawe, kisima juu ya kisima, mpaka mji wa wazee ukajitokeza: hapa bustani, hapa machinjio, na ng'ambo ya mto mashimo thelathini na mawili ya kulowekea ngozi, yaliyofukiwa kwa takataka. Nikayapaka rangi nyekundu.

Mdogo wangu, mpimaji ardhi, ambaye kushika kalamu nilimfundisha mimi, alikwishaahidi watu kwamba pale itajengwa shule. Akaja mezani kwangu, akasema kwa upole, "Kaka, waliochimba wote wamekufa. Nani atauliza?" Nikamkatalia. Nilipokwenda kumuuguza mama yetu, akachora nakala nyingine, mashimo yakageuka bustani, na chini akaiga saini yangu.

Shule ikajengwa, na mwaka wa tatu sakafu ya darasa ikazama, mwalimu akavunjika nyonga. Mbele ya kamati ya uchunguzi nikamngoja mdogo wangu aseme kweli. Akainuka, akanitazama usoni, akasema, "Msimlaumu sana kaka yangu. Macho yamemwishia." Nikastaafishwa kwa kuonewa huruma, wanangu, huruma aliyoniombea yeye. Nami, mwenye karatasi halisi nyumbani, nikanyamaza ili nisiupasue ukoo. Kosa hilo ni langu, msinitetee.

Sasa upande uliobaki wa mashimo yale wanataka kujenga wodi ya kujifungulia. Wewe binti yangu kifungua mimba, karatasi yangu imo kabatini, nimeiviringisha ndani ya shuka jeupe. Unafanya kazi ofisini kwa baba yako mdogo, anakupenda, na ukimpelekea mhandisi wa wodi karatasi ile kazi huna tena. Mpelekee. Usianze kwa kumwuliza baba yako mdogo, usimwonee haya kama nilivyomwonea mimi.

Akija msibani mpeni kiti, mpeni maji. Jeneza asilibebe.

Nipeni mikono... wote. Mungu awaweke pamoja, awape ujasiri nilioukosa... Usilie, binti yangu. Ipeleke asubuhi. Kabla... kabla hamjanizika.