Mwalimu Aliyeandikwa Hayupo

Nyie mlioketi ofisi kuu mkaandika kwamba darasa la chumba namba nne "linajiendesha lenyewe", hebu niambieni: mmeona wapi chungu kikijipikia? Mtu amesimama mbele ya ubao mmoja miaka thelathini na mmoja, mpaka saruji imelika chini ya viatu vyake. Anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, nanyi mnasema hakuna haja ya kuleta mwingine. Haya ni maneno ya watu wazima?

Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe ya Ijumaa. Mimi ni mfagizi wa kituo hiki cha elimu ya watu wazima, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kusoma nimejifunzia humu humu, ufagio ukiwa umeegemea mlango. Anayetaka Kiswahili cha suti na tai amwombe mwingine.

Mstaafu wetu tunamwita Mwalimu Tena. Ukikosea anasema tena. Ukipatia anasema tena, ahakikishe hukubahatisha. Kuna siku nilitaka kumtwanga na ndoo.

Alipewa chumba namba nne kwa sababu hakuna aliyekitaka. Benchi moja tu la chumba kile lilibeba mimi na magoti yangu mabovu, dada wa saluni wa miaka ishirini, mama aliyehamia kutoka nchi nyingine akijua lugha yetu kwa salamu tu, na fundi wa kuchomelea, kiziwi tangu utotoni. Walimu wengine wakashauri tutenganishwe: wazee huku, vijana kule, na wale "wenye matatizo" wasubiri mpango maalumu. Mwalimu Tena akawajibu kwamba mpango maalumu ni yeye, wamletee chaki.

Msidhani alikuwa malaika. Ubao alifuta kwa kiwiko. Fomu za ofisi alizikunja akategemezea mguu wa meza. Na fundi yule alipofika, mwezi mzima mwalimu alimpigia kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Nikamwambia, mwalimu, huyo hasikii, na sisi wengine unatutia uziwi. Aliona aibu, nikaiona. Kesho yake alikwenda nyumbani kwa fundi akamwomba shemeji yetu, mke wa fundi, amfundishe lugha ya ishara. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na vidole vigumu kama kuni. Alifanya mazoezi hata wakati wa chai, mpaka siku moja mkono ukapiga kikombe cha mkuu wa kituo, chai ikaiogesha ripoti nzima. Nani alifuta? Mimi. Lakini baada ya miezi minane alikuwa anataniana na fundi, na utani hauna njia ya mkato.

Dada wa saluni yeye macho yalikuwa mazima, ila herufi zilimkimbia ukurasani kama siafu waliomwagiwa maji. Shule mbili zilimwita mvivu. Kilichomleta kwetu ni aibu: alimwacha mteja na dawa kichwani hadi ngozi ikaungua, kwa kuwa hakuweza kusoma dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Mwalimu Tena alikata kipande cha boksi, akatoboa kidirisha cha upana wa mstari mmoja, akamwambia asome kinachoonekana humo, mengine ayaache yasubiri zamu. Leo dada huyo anasoma kopo lolote, na kidirisha chake kiko kwenye mkoba pamoja na vitana.

Sasa niwaambie kazi yake ilivyokwenda, maana hapa ndipo ofisi kuu ilipopotea. Somo likiisha, mwalimu hakumchagua mwepesi alieleze tena. Alimchagua aliyechelewa kuliko wote kulielewa. Alisema mwenye mbio huliruka shimo bila kuliona, ila aliyetumbukia anajua lilipo. Basi huyo ndiye alisimama ubaoni, na mwalimu akahamia benchi la nyuma na kuuliza maswali ya kijinga, yale ambayo sisi tuliona haya kuyauliza.

Siku ambayo mkaguzi wa ofisi kuu aliingia, fundi ndiye alikuwa mbele na bomba lake la chuma, akitufundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa ishara, dada wa saluni akitamka kwa sauti. Wiki tano sehemu zilimtoa fundi jasho. Siku hiyo zilimtii. Mwalimu alikuwa kati yangu na yule mama mhamiaji, amenyoosha kidole, anauliza kwa nini nusu ya robo isiizidi robo, wakati nusu ndiyo kubwa. Mkaguzi akamgusa bega: "Mzee wangu, usikate tamaa, utaelewa tu." Akaandika kwenye daftari lake, akatoka.

Nilimfuata mwalimu kwenye bomba la maji uani, nikamfokea. Kwa nini hukusimama ukajitambulisha? Akanijibu, "Bibi, fundi alikuwa katikati ya sentensi." Haya! Kwa ajili ya sentensi moja, ripoti ikasema mwalimu hayupo, wanafunzi wanafundishana na wanaendelea vizuri. Ikaja barua: hakuna mwalimu mpya, na mwezi ujao chumba namba nne kitakuwa stoo ya madawati mabovu. Watu ishirini na sita waende wapi? Yule mama mhamiaji ndiyo kwanza ameweza kumweleza daktari panapomuuma mwanawe. Mnataka aishie hapo?

Na Mwalimu Tena hataki kujitetea. Anasema akijisifu atakuwa ameiharibu sifa ya fundi. Ukaidi wa aina hiyo haufagiliki.

Mwalimu, ahsante. Ulituona wajinga wa vitu tofauti, hukutuona wajinga. Nenda ukalale mchana bila kengele, mkeo akuchoshe kwa kazi za bustani, afya isikupungukie. Umetutosha.

Ninyi wengine, sikilizeni. Barua ya kupinga lazima ifike ofisi kuu Jumatatu. Nimeiandika, fundi ameihakiki, iko mezani mlangoni pa ukumbi, mbele ya soda. Hapiti mtu kwenda kwenye soda kabla ya kuisoma na kuweka saini. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake, pole pole, mpaka aelewe anachokubali. Mkuu wa kituo, wewe ndiye wa kwanza. Usingoje hotuba. Inuka.