Mzee Rasimu na Taipureta Isiyosumbua

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika Shirika letu la Maji, Mhariri Mkuu wa jarida hili atakabidhi funguo na kitambulisho, atachukua kikombe chake ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukiosha, kisha atatoka getini akiwa mstaafu. Wasifu wa kila mstaafu katika ukurasa huu umekuwa ukiandikwa na yeye. Kwa kuwa utaratibu hauruhusu mtu kujiaga mwenyewe, kazi imeniangukia mimi, msaidizi wake. Nimeuandika wasifu huu kwenye kompyuta ya kawaida, simu ikiita na mhasibu akiniuliza stepla iko wapi, na nimeumaliza kabla ya chakula cha mchana. Nalisema hilo kwa makusudi.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, karani wa masijala, kazi yake kupiga barua kwa taipureta. Waliokuwepo wanasema aliichukia mashine ile kwa moyo wake wote. Ilikuwa nzito, haikuwa na namna ya kufuta, na haikujua kitu kingine chochote zaidi ya kuandika. Siku kompyuta ya kwanza ilipoletwa ofisini, yeye ndiye aliyeibeba taipureta hadi stoo kwa mikono yake miwili, na inasemekana alirudi akipiga mluzi.

Alipanda ngazi taratibu, kutoka masijala hadi idara ya habari, kutoka mwandishi hadi mhariri. Jina la Mzee Rasimu alipewa na mafundi wa bomba, kwa sababu kila hati iliyotoka mezani kwake ilikuwa na neno RASIMU juu kabisa, hata kadi ya rambirambi. Alikuwa haamini kwamba kitu kinaweza kwisha. Taarifa ya mwaka aliisahihisha mpaka mwaka wenyewe ukapitwa na mwingine, na Mkurugenzi akalazimika kusaini mbili kwa mpigo.

Kitu pekee ambacho hakikuwahi kuwa rasimu ni matangazo ya kukatika kwa maji. Hayo hayakuwa na muda wa kusubiri. Mhandisi alisimama nyuma ya kiti chake na buti zenye matope, simu zikaita, mhudumu wa chai akadai vikombe, na yeye akawa anaandika huku anawajibu wote. Baada ya dakika chache tangazo lilikuwa redioni na kwenye nguzo za mitaa yote. Watu waliyasoma wakiwa na ndoo tupu mkononi na bado wakacheka. Yeye mwenyewe aliyadharau, akayaita vibarua vya kujazia siku. Kazi yake ya kweli, alisema, ilikuwa riwaya.

Riwaya hiyo sote tumeisikia. Ina familia tatu, mto mmoja na kisasi. Tunajua inavyoanza, tunajua inavyokwisha, na wafanyakazi wapya walisimuliwa wiki ya kwanza kabla hata hawajaonyeshwa choo kilipo. Kilichokosekana ni kurasa. Sababu zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa makosa ya watu wengine. Simu zilimkatiza mawazo. Mlango ulilia. Barua pepe zilimwandama. Kiti kilimuumiza kiuno, akaletewa kingine, nacho kikamletea usingizi. Kila mara alisema kwamba siku atakayopata utulivu, dunia itaona.

Ndipo mwaka juzi aliposoma mahali fulani, tena kwenye simu, tena katikati ya kikao, kwamba ng'ambo waandishi wanatumia taipureta za kidijitali. Ni kibodi yenye kioo kidogo cha kijivu kinachoonyesha mistari minne. Haina intaneti, haina michezo, haina hata saa. Unaandika, inahifadhi, basi. Ulichoandika jana huwezi kukirudia kukirekebisha mpaka umalize na kukihamishia kwenye kompyuta. Mashine inakwenda mbele tu. Kwa maneno mengine, ni ile ile aliyoibeba kwenda stoo, ila hii inachajiwa.

Ilipofika aliifungua mbele ya idara nzima, na karatasi za maboksi alizikunja kwa heshima. Kisha, kwa kuwa mashine ya kuondoa usumbufu haina raha kama watu hawajaelezwa, alianza kutueleza. Alitueleza asubuhi na akaturudia mchana. Aliandaa semina ya namna ya kulinda umakini kazini, na siku hiyo hakuna aliyefanya kazi yoyote. Alifungua kundi la simu kwa ajili ya waandishi walioamua kuachana na simu, akawa anatuma humo ujumbe mwingi kuliko mtu yeyote, mara picha ya mashine dirishani, mara picha ya mashine na chai. Alitafuta mkoba wa kuibebea, kisha meza ya kuiwekea, kisha kitambaa cha kufutia kioo kisichoacha nyuzi. Maneno ya riwaya yalikuwa bado yanasubiri vifaa vitimie.

Wakati huo huo kazi zake ziliendelea kuhamia mezani kwangu, moja baada ya nyingine. Silalamiki. Naeleza tu ziliko.

Hotuba ya kuzindua pampu mpya hakunipa. Alitaka kutuonyesha nguvu ya mashine. Aliiandika kidogo kidogo kila asubuhi kwa siku tano, na kila asubuhi, kwa kuwa kioo kilionyesha mistari minne na hakikumruhusu kurudi nyuma, alianza kwa kujipasha moto na salamu: mgeni rasmi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Hotuba ilipohamishiwa kwenye kompyuta hakuipitia, kwa sababu alikuwa amekula kiapo cha kutogusa kompyuta mpaka riwaya iishe. Katibu muhtasi aliichapisha bila kugusa nukta, maana ndiyo sera yake. Mkurugenzi aliisoma kama ilivyo, maana ndiyo sera yake pia. Mgeni rasmi akasalimiwa mara tano. Mara ya pili alitabasamu, mara ya tatu alisimama akapunga mkono, na kuanzia ya nne ukumbi mzima ukawa unapiga makofi. Baadaye alisema hajawahi kuheshimiwa namna ile na taasisi yoyote. Mkurugenzi alimwandikia Mzee barua ya pongezi.

Pongezi ndizo zilizomponza. Kwenye kikao cha kufunga mwaka jana alisimama, bila kuombwa, akatangaza kwamba atatoka hapa na kitabu mkononi. Mkurugenzi anapenda sherehe kuliko maji. Palepale alitamka kwamba hafla ya kumuaga itakuwa pia hafla ya kuzindua riwaya, na kadi za mwaliko zikaenda kuchapishwa. Mzee akachukua likizo zake zote alizolimbikiza, akaenda nyumbani.

Nyumbani mkewe alilipia ahadi hiyo kwa namna yake. Ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na kila siku huwafundisha watoto wa jirani katika chumba cha mbele. Chumba hicho kilitakiwa kwa utulivu. Mwalimu aliwahamishia watoto ukorido, akawafundisha kwa kunong'ona, lakini alitoa sharti mbele ya watoto wao wakubwa: chumba ni cha mumewe mpaka siku ya kustaafu, na siku hiyo aonyeshe kitabu au awarudishie watoto madawati yao. Mumewe alikubali bila kusita. Miaka yote alikuwa amesema kinachomzuia ni kelele, na sasa asingekuwa na kelele ya kuisingizia.

Mwezi wa nne nilimpelekea karatasi za kusaini. Idara ilikuwa imenitwika utani wa wiki nzima wa kumfikishia. Nilipita ukorido, nikawaruka watoto waliokaa sakafuni, nikamkuta Mwalimu akifundisha sehemu na desimali kwa sauti ya mtu aliye hospitalini. Akanionyesha mlango kwa kidole.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi. Saa ya ukutani ilikuwa imetolewa betri, kalenda imegeuzwa, simu iko kwa mkewe. Mashine ilikuwa katikati ya meza, kioo kinawaka, mistari yote minne mitupu. Mzee alikaa mbele yake amevaa shati la kazini, amechomekea. Alinyoosha mkono akachukua kalamu yangu, lakini hakusaini.

"Nimeondoa kila kitu, binti yangu," alisema. "Sasa nimebaki mimi tu, na huyu naye hana la kusema."

Utani wote niliobebeshwa ukaniishia mdomoni. Nilimwonea huruma, na nasema wazi kwamba nilimwonea hasira pia, kwa sababu watoto walikuwa wamekaa kwenye sakafu ya baridi kwa ajili ya mistari minne mitupu. Nikamwonyesha mahali pa kusaini.

Kabla hajafika ukurasa wa pili simu yangu ikaita. Alikuwa mhandisi. Bomba kubwa la mtaa wa juu lilikuwa limepasuka na tangazo lilitakiwa sasa hivi. Nikatoka ukorido, nikaandika kama nilivyozoeshwa na miongozo: kufuatia hitilafu iliyojitokeza katika miundombinu, Shirika linasikitika kuutangazia umma. Nikamsomea mhandisi. Akauliza kama kuna mtu amefariki.

Mlango ukafunguka. Mzee alitoka na mashine kwapani, akajibana sakafuni kati ya watoto wawili, akanyoosha mkono apewe simu yangu. Akamuuliza mhandisi shimo lina kina gani, nani yumo ndani, maji yaliyobaki kwenye mabomba ni ya muda gani. Mtoto mmoja akamwegemea kuangalia kioo. Mwalimu alipoona chumba cha kimya hakina tena mtu, akaanza kufundisha kwa sauti yake ya siku zote. Mzee akawa anaandika, anajibu simu, na katikati anamwambia mtoto wa kushoto kwamba jibu la nne amekosea. Kisha akanisomea ninakili, kwa kuwa mashine yake haikuwa na njia ya kulituma:

"Wateja wetu wa mtaa wa juu, bomba limepasuka. Si dogo, ni lile kubwa. Mafundi wamo shimoni hadi kiunoni na hawana furaha. Maji yaliyobaki ni ya saa moja: jazeni ndoo, na aliyejipaka sabuni aharakishe. Yatarudi kesho jioni. Yakirudi mapema, tutashangaa pamoja nanyi."

Watoto walicheka. Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Alipofuta machozi alimtazama mumewe, na hakuwa anacheka tena.

"Umekuwa mwandishi miaka yote hii, baba," alisema. "Tatizo lako hujawahi kujisoma."

Msomaji atadhani mzee wetu alikumbatia maneno hayo. Alinuna. Alikula peke yake mpaka kesho yake, na mimi alinipigia simu kunieleza, kwa kirefu, kwamba utani wa ndoo si fasihi. Kisha akarudi chumbani, akafunga mlango, na watoto wakarudishwa kwenye kunong'ona. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi mwezi huu.

Jana alikuja ofisini kuiona rasimu ya wasifu huu kabla haujaenda kuchapwa. Nilikuwa nimemtunzia heshima. Nilikuwa nimeandika kwamba riwaya iko katika hatua za mwisho, sentensi aliyonifundisha yeye mwenyewe, ambayo jarida hili limeitumia kwa ujenzi wa tangi la kusini tangu sijaolewa. Aliisoma akiwa amesimama. Akachukua kalamu akaikata.

"Andika hakuna kitabu," alisema. "Nilikaa kimya miezi yote ile nikakisubiri, hakikuja. Na usinipambe."

Kisha akapanda ghorofani kumwambia Mkurugenzi mwenyewe. Katibu muhtasi, ambaye haongezi wala hapunguzi, ananihakikishia kwamba Mkurugenzi hakuona tatizo. Alisema uzinduzi unaweza kuendelea bila kitabu, kwani Shirika limeshazindua matangi yasiyo na maji na watu walikula wakaondoka wameridhika. Mzee Rasimu alikataa. Katika miaka thelathini na minne hiyo ni mara ya kwanza kumkatalia mkuu wa kazi jambo lolote, na alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Kwa hiyo, kwa agizo lake, leo nimeuandika wasifu upya, nao unasema: hakuna kitabu. Kadi za mwaliko zipuuzwe kuanzia mstari wa tatu, ule wa uzinduzi. Madawati yalirudishwa chumba cha mbele jana hiyo hiyo jioni, na aliyeyabeba ni yeye. Mwalimu amenipigia simu leo asubuhi, katikati ya wasifu huu, kuniambia kwamba mumewe ameamka akaweka mashine ukorido, mahali ambapo kila mtu anapita, na kwamba ameshagombana na watoto mara mbili. Nilimuuliza kama anaandika. Alisema hajui, hajaenda kuchungulia, ila anasikia vibonye.

Mzee wetu, idara ya habari inakushukuru kwa kila tangazo, na mtaa wa juu unakushukuru zaidi. Umetufundisha kazi, na jana umetufundisha kusema ukweli kwenye jarida la Shirika, jambo ambalo sijui kama tutaliweza ukishaondoka. Nenda salama. Tunakutakia afya, miaka mingi, na nyumba yenye kelele.