Jumatano ya Mzee Dhirajlal

Ndugu wafiwa, Wahindi wachache mliobaki katika mji huu, majirani wa msikitini na wa kanisani, na ninyi wateja mliofunga biashara zenu asubuhi hii mkaja, karibuni, na wenye viti wawapishe wenye magoti mabovu.

Marehemu Dhirajlal Kanji Lodhia, ambaye sokoni mlimwita Mzee Diraji kwa kuwa jina lake zima liliwashinda, alizaliwa tarehe 2 Novemba 1936 hapa hapa, mji ukiitwa bado Usumbura, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Kanji na marehemu Jiviben, wauza vitambaa wa Quartier Asiatique, mtaa wa Waasia, na familia imempa Bi Kaltum, jirani wa ukuta mmoja, kazi ya kuyaandika na kuyasoma maisha yake, kwa sababu binti yake hawezi kusoma huku analia, na Bi Kaltum alimaliza kulia jana.

Alianza shule ya msingi hapa mjini mwaka 1943, mwaka 1950 akapelekwa Mwanza kwa mjomba wake, akarudi mwaka 1953 bila cheti lakini na hesabu kichwani, Kifaransa cha dukani na Kirundi cha kupatana bei, na Januari 1954 akaingia katika duka la baba yake, asitoke humo mpaka miguu ilipokataa. Aliuza vitenge miaka hamsini kasoro, mtu wa haki, mwenye jicho la kujua kitambaa kitakachochuja kabla hakijaguswa na maji, ila jicho hilo alikuwa analiacha dukani kila akirudi nyumbani.

Tarehe 9 Februari 1963, huko Jinja, alimuoa Manjulaben, wakajaliwa watoto wawili, Kirit, aliyeko Kanada na ambaye hakupata ndege, na Bhavna, aliyeolewa Kampala, ambaye mnamuona hapa mbele. Mama Manjula alikuwa mtu wa siku. Kwa dini yao kila siku ya juma ina mungu wake, na kila mungu ana anachopenda na anachochukia, na mama yule alizishika siku zote saba mbele ya kishubaka cha miungu nyuma ya jiko, taa ikiwaka, kabla duka halijafunguliwa, kwa miaka thelathini na mbili, na marehemu alikuwa anapita nyuma ya mgongo wake akitafuta viatu.

Vita vilipoanza Oktoba 1993 walidhani vitapita, mwaka uliofuata kuhani wao akafunga hekalu akaondoka, na mwanzo wa 1995, siku za ville morte, mji umefungwa kwa nguvu, vijana wamepanga mawe barabarani na moshi wa matairi unaingia hadi vyumbani, kifua cha Mama Manjula kikazidi kuwa kibaya, ikaamuliwa aende Kampala kwa Bhavna. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 30 Machi 1995, gari linanguruma nje, alimshika mumewe mkono wa shati akaanza kumfundisha zile siku, maana taa ya miungu haiachwi izimike katika nyumba yenye mtu. Marehemu alikuwa anafunga sanduku kamba. Akasema, "Utaniambia mu simu, Manju, panda gari." Hata Jumatatu mama hakuimaliza.

Simu yenyewe ilikuwa ya kukatikakatika, na kila ikishika mama aliuliza kwanza kama siku zinashikwa, kabla ya kuuliza afya, na marehemu alijibu kwamba zinashikwa, na taa ilikuwa na vumbi. Aliendelea hivyo mpaka tarehe 19 Februari 1996, Manjulaben alipofariki Kampala, njia ya barabara haipitiki na ndege imejaa, mume asimuone mkewe wala majivu yake.

Kesho yake aliisugua ile taa kwa majivu na ndimu. Alikuwa amemdanganya mke mgonjwa, na mke amekufa akiuamini ule uongo, basi alitaka uongo huo uwe kweli, hata kwa kuchelewa, na hilo tu ndilo alilolitaka tangu siku ile mpaka juzi.

Akaanza kubisha milango. Concilie, aliyekuwa analeta maziwa, alimwambia kwamba Jumatatu mama alichukua chupa ya ziada, ya kumwagia jiwe la Shiva. Maua mekundu ya Jumanne, ya Hanuman, yalitoka kwenye ua wa Bi Kaltum, ambaye alimkabidhi tawi na kumuuliza, "We Diraji, miaka yote hiyo ulikuwa unakaa mu nyumba ya nani?" Révérien mfua nguo, ambaye nyumba yake ya Kamenge ilikuwa imeungua akahamia Cibitoke na watoto, alikumbuka kwamba Alhamisi alikuwa hafui kitu, analipwa kwa kukaa, na mama anavaa njano, akaongeza, "Ile ndiyo dini mi niliipenda." Ijumaa hakuna kitu kichachu kilichoingia mlango ule, Bi Kaltum alirudishiwa ndimu zake mara nyingi na kununa, Jumamosi ilikuwa ya mafuta na ufuta mweusi, na maji ya Jumapili, ya kumwagwa mbele ya jua, yalikuwa yanachuruzika mpaka kwa jirani, kila mtu aliyaona.

Jumatano haikuwa na shahidi. Siku hiyo mama hakununua kitu, hakutoka uani, hakumwambia mtu. Marehemu akawa anawasha taa kila Jumatano na kukaa mbele ya miungu mikono mitupu, kama mgeni aliyefika bila zawadi, halafu anafungua duka amekunja uso. Zile nyingine alizishika kweli. Jumatatu ya mabomu, Julai 2003, maziwa yalipokosekana, alikoroga ya unga, akamuuliza Bi Kaltum kupitia juu ya ukuta kama mungu atakasirika, akajibiwa, "Apana, na yeye anasikia mabomu."

Aliambiwa mara nyingi, "Muulize Bhavna." Bhavna alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Hakumuuliza, kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba hakumsikiliza mama yake mlangoni, na mwanaume huyu, aliyeweza kumuomba mfua nguo amfundishe sala, hakuweza kumuomba mtoto wake.

Kisukari kilimshika mwaka 1999, kikaenda kwenye miguu, kisha kwenye figo, akalazwa tarehe 5 Julai 2004, na akafariki jana, Jumanne tarehe 13, saa kumi na moja alfajiri. Bhavna alishuka ndege mchana. Alipoulizwa na Bi Kaltum habari ya Jumatano alishangaa, akasema, "Lakini Shangazi, si ya Ganesh? Si choroko? Baba alikuwa anaila." Kila Jumatano adhuhuri, choroko iliyokwisha kutolewa mbele ya mungu iliwekwa mbele ya marehemu, na kila Jumatano alisema, "Leo tena choroko?" akala, akarudi dukani. Mji mzima ulikuwa na shahidi mmoja, naye alikuwa mezani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuangalia dini yake, wafanyabiashara wenzake waliokuja kulala matangani, Concilie na Révérien, na majirani wote wa mtaa, hata wale waliokuja kwa ajili ya chai.

Kwa desturi yao nyumba yenye maiti haiwashi moto, kwa hiyo choroko ya leo imechemka tangu alfajiri kwenye mbabula ya makaa ya Bi Kaltum. Tukirudi kutoka kumsindikiza kwenye moto wa mazishi yake, kila mtu atapewa kiganja kimoja, na asiwepo wa kuuliza kwa nini ni choroko.

Mzee Diraji, kama Manju amekusamehe au bado, hayo mtayamaliza wenyewe huko. Wewe pumzika, amani iwe nawe, Jumatano yako imeshikwa.