Bi Laini Anakata Simu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, Bi Laini atavua visikilizio masikioni, atasukuma kiti nyuma na kutoka katika chumba cha simu cha hospitali yetu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Uongozi umetuomba sisi wa maabara tuandike wasifu wake kwa kuwa tunapakana naye ukuta, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Tumesikia kila alichosema kazini. Humu tumepunguza mengi.

Jina la Bi Laini lina ukweli nusu. Laini anazo: mbili ndani ya simu moja, za mitandao miwili inayochukiana, na ya tatu kwenye pochi kwa ajili ya dharura. Lakini yeye mwenyewe laini hakuwahi kuwa. Kuna daktari aliyewahi kuzima simu akiwa zamu ili ajinyooshe kidogo. Aliamshwa na vipaza sauti vya hospitali nzima vikimtakia ndoto njema, kwa jina lake kamili na la baba yake.

Alipoajiriwa, simu za hospitali zilipitia kwenye swichibodi ya mbao yenye waya ndefu na vichwa vya shaba. Mtu akipiga, Bi Laini alichomeka waya huku, akachomoa kule, na akikosea, mpishi aliagizwa dawa na mfamasia akaagizwa vitunguu. Kosa lake linalosimuliwa zaidi ni la madaktari wawili waliofanana majina. Wodi ya wazazi iliomba daktari haraka, naye akamtuma daktari wa meno. Bwana yule alifika mbio, akasimama kando ya kitanda hana la kufanya, akaushika mkono wa yule mama mpaka mkunga alipomaliza kazi. Mtoto aliyezaliwa alipewa jina lake. Bi Laini huhesabu tukio hilo miongoni mwa mafanikio yake, nasi tumeona tusimbishie.

Swichibodi ilipoondolewa na kuletwa mashine mpya, ndogo kama kisanduku cha viatu, wengi tulidhani atahamishiwa masjala akazeeke taratibu. Wakati huohuo dada yake akamwachia simu ya Android yenye kioo kilichopasuka. Bi Laini aliitazama siku ya kwanza kwa dharau. Siku ya pili aliifungua mipangilio yote. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa anatusimamisha koridoni, sampuli za damu mkononi, atuonyeshe jinsi ya kugawa skrini mara mbili.

"Angalia," alikuwa akisema. "Huku juu nasoma ujumbe, huku chini napiga hesabu. Wewe unafanya kimoja kimoja kama foleni ya benki, kwa nini?"

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Bunge la Birika. Lilikutana wakati wa chai katika kijichumba kilicho kati ya stoo na chumba cha kufulia, penye birika la umeme, meza moja ya plastiki na soketi moja tu inayofanya kazi. Hoja zilikuwa nzito. Je, Android iliyo tupu, isiyopambwa na kiwanda, ni bora kuliko ile inayokuja imejaa programu ambazo hakuna aliyeziomba? Simu ikiacha kupata masasisho, imekufa au imestaafu? Mtandao upi ni mwizi zaidi wa bando? Mitandao yenyewe hatuitaji kwa majina halisi. Bungeni mmoja uliitwa Mnara Mmoja na mwingine uliitwa Kesho, kwa kuwa kila picha uliyoituma leo ilifika kesho yake.

Mpinzani mkuu wa Bi Laini alikuwa mfamasia wetu, mtu mpole, nadhifu, ambaye wote tunamwita Mzee wa Dozi. Yeye alikuwa mfuasi wa Kesho kwa sababu kaka wa mkewe aliwahi kuufanyia kazi. Tena alikuwa na tabia moja iliyomkera Bi Laini kuliko zote: kila akimaliza kutumia simu, alifagia programu zote zilizokuwa wazi, moja baada ya nyingine, kwa kidole chake safi, kama mtu anayefunga duka.

"Zinakula betri," alisema.

"Hazili kitu, zimelala," Bi Laini alijibu. "Wewe ndiye unayekula betri kwa kuziamsha upya kila saa. Ungekuwa daktari wa wodi ungewatoa wagonjwa wote jioni ili kitanda kipumzike!"

Tulicheka. Chai ikaisha, watu wakarudi kazini. Hatukujua kwamba ugomvi huu ulikuwa na meno.

Siku moja Bi Laini aliiacha simu yake kwenye ile soketi. Ndani yake kulikuwa na ratiba ya zamu ya madaktari wote ya mwezi mzima, ambayo alikuwa ameiandika tangu asubuhi na hajaihifadhi. Mzee wa Dozi aliingia kuchukua maji ya moto, akaiona simu imejaa programu wazi, akaihurumia. Akazifagia zote. Kisha akaenda zake, ameridhika kama mtu aliyemfunikia jirani nguo zisilowe mvua.

Dakika chache baadaye vipaza sauti vilikohoa. Sauti ya Bi Laini ikatanda wodini, koridoni, mapokezi mpaka kwenye maegesho: "Mfamasia aliyefuta kazi ya watu afike chumba cha simu mara moja. Aje na kidole chake."

Hakwenda. Wagonjwa waliokuwa foleni kwenye dirisha la dawa walimtazama kidole huku akiwahesabia vidonge. Bibi mmoja alimuuliza, kwa huruma, kama na kazi yake yeye imefutika. Mzee wa Dozi alifunga dirisha mapema jioni ile, akapita nyuma ya jengo ili asikutane na mtu.

Tangu hapo hawakusemeshana, na jambo hilo liliendelea karibu mwaka. Chumba cha simu kikihitaji kuuliza kuhusu dawa, Bi Laini alipiga maabara, nasi tukapiga famasi, na jibu likarudi kwa njia ileile. Tulikuwa na hadubini mbili na kazi za watu wazima, lakini tuligeuzwa swichibodi. "Mwambie huyo mwenzenu," alisema mmoja. "Mwambie yule mama," alisema mwingine. Bunge la Birika lilivunjika. Chai ilinywewa kimya, na ile soketi ikabaki haina mgombea. Muuguzi mkuu alijaribu kuwapatanisha mara mbili, akaambulia mihadhara miwili juu ya betri.

Kisha Mzee wa Dozi akashikwa na tumbo akiwa kazini. Kilikuwa kidole tumbo, tena kimechelewa. Alipasuliwa jioni hiyohiyo hapa kwetu. Kesho yake bintiye wa pekee alikuwa anaapishwa kuwa wakili katika mji wa mbali. Mkewe alikuwa ameshatangulia huko, na alipotaka kurudi Mzee alimkatalia kwa sauti ambayo ilikuwa haijatoka vizuri kwenye dawa ya usingizi: "Ukirudi atakuwa hana mtu ukumbini. Kaa. Mimi nitaangalia kwa simu."

Asubuhi akaegemezwa kwenye mito miwili, shati safi juu ya bandeji. Akampigia mkewe simu ya video. Mtandao wa Kesho ukafanya kama ulivyozoea: picha ikaganda, sura ya mkewe ikabaki mdomo wazi, jicho moja limefumba. Akazima, akawasha. Akafagia programu zote. Picha ikaja, ikaganda tena, safari hii ikionyesha dari. Muuguzi wa wodi alipoona mgonjwa wake anahangaika na simu alipiga chumba cha simu na kusema tu kwamba kuna baba huku juu anaomba msaada wa simu. Hakutaja ni baba gani. Muuguzi huyo baadaye alituapia kwamba alisahau. Hatumwamini.

Bi Laini alipanda ngazi, akafika mlangoni, akamwona. Akasimama.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi," alijibu Mzee wa Dozi. "Kama umekuja kunitangaza, nitangaze polepole. Nyuzi bado mbichi."

Bi Laini alitazama sakafu, akatazama ile simu iliyoganda, akavuta kiti. "Mwanao anaapa saa ngapi?"

"Wameshaanza. Wanaitwa kwa alfabeti."

Hakuuliza zaidi. Alitoa simu yake, akachagua laini ya Mnara Mmoja, akampigia mke wa Mzee, na ukumbi wa mahakama ukaonekana: mabenchi, majoho meusi, jaji mwenye miwani. Akaigawa skrini. Juu akaweka ukumbi. Chini, ujumbe wa mke aliyekuwa akiwaandikia nani anafuata. Akaishika simu kwa mikono miwili mbele ya uso wa mgonjwa, viwiko vimeegemea chuma cha kitanda.

 Kisha Mzee wa Dozi akaziona alama ndogo za programu zilizo wazi, zimejipanga ukingoni mwa skrini.

"Zote hizo ziko wazi?"

"Tazama ukumbi."

"Funga hata chache! Simu itazima mwanangu akiwa na mkono juu!"

"Gusa skrini hii," Bi Laini alifoka, "nikurudishe kwa aliyekupasua akushone na hicho kidole!"

Alichosahau, yeye mtu wa simu maisha yake yote, ni kwamba simu ina pande mbili. Kule ukumbini simu ya mke ilikuwa imefunguliwa sauti hadi mwisho, na wakati ule palikuwa kimya kabisa, kwa sababu binti alikuwa amesimama mbele ya jaji na mkono ameuinua. Maneno ya Bi Laini yalipiga ukuta wa mahakama na kurudi. Majoho yote yaligeuka. Jaji aliteremsha miwani.

"Nani anashonwa kidole?"

Binti hakuushusha mkono. "Mheshimiwa, ni wodini. Baba yangu alifanyiwa upasuaji jana, anaangalia kwa simu. Huyo mwingine nadhani ni mama wa chumba cha simu. Waligombana kwa ajili ya programu."

Jaji alifikiri. "Baba yako anakuona sasa hivi?"

"Ananiona, mheshimiwa."

"Basi baba atulie, na simu ya huyo mama isiguswe. Endelea."

Binti akaapa tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na picha haikuganda hata mara moja. Mzee wa Dozi alilia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo mtu mwenye nyuzi tumboni hapaswi kulifanya, hata muuguzi akaja kuwafokea wote wawili. Bi Laini aliendelea kuishika simu muda mrefu baada ya sherehe kumalizika, macho yake yote kwenye kiwango cha betri, ili asimwangalie mwanaume mzima akijifuta uso kwa shuka.

"Ile ratiba," alisema Mzee hatimaye. "Niliifuta kwa nia njema."

"Najua. Ndiyo maana niliumia. Ungeifuta kwa ubaya ningekwisha kuzoea."

"Na mimi ulinitangaza mpaka kwenye maegesho."

"Hilo," alisema Bi Laini, "lilikuwa kosa. Maegesho yalizidi." Na kwa kuwa tunamjua, tunathibitisha kwamba hiyo ndiyo samahani ndefu kuliko zote alizowahi kutoa katika hospitali hii.

Mzee aliporudi kazini walikwenda pamoja kwa mganga mkuu kuomba kila wodi ipewe simu ya zamu yenye laini mbili za mitandao tofauti, ili mmoja ukilala mwingine uwe macho. Mganga mkuu aliuliza ni mtandao upi uwe wa kwanza. Wakaanza kubishana palepale, mbele ya meza yake, na akaidhinisha ombi ili watoke ofisini. Mvua kubwa ilipouzima mtandao wa Kesho kwa siku mbili, wodi zetu ziliendelea kupigiana, na dereva wa gari la wagonjwa akaelekezwa nyumba kwa nyumba. Wako watu wanaotembea mjini leo kwa sababu ya ubishi wa wazee wawili.

Sasa anaondoka. Tulikubaliana kumnunulia simu mpya kama zawadi ya kumuaga, na Bunge la Birika, lililofufuka baada ya wawili hao kupatana, likateua kamati ya kuichagua. Tunasikitika kutangaza kwamba kamati imegawanyika pande tatu, mwenyekiti amejiuzulu, na zawadi itachelewa. Ijumaa atapewa maua.

Kazi yake inachukuliwa na binti mwenye sauti nzuri na subira kubwa kuliko ya mtangulizi wake, jambo lisilo gumu. Bi Laini amemfundisha mashine kwa asubuhi moja. Siku zilizobaki amemfundisha kusikiliza, kwamba anayepiga hospitali akiuliza saa za kuona wagonjwa mara nyingi anaogopa kuuliza kama mgonjwa wake bado yupo.

Limebaki agizo moja ambalo hakulitoa yeye, tumelitoa sisi. Mume wa Bi Laini ni seremala, mtu wa simu ya batani, na katika ubishi wetu wote hajawahi kuwa na upande. Namba za laini za mkewe hazijui hata moja. Tangu uchumba wao hupiga namba kuu ya hospitali kila mchana, na akipokelewa husema, "Nipe yule mama wa simu." Mkono umezoea, hatutarajii utaacha Jumatatu. Kwa hiyo tumemwagiza binti mpya: seremala akipiga, asimwambie kwamba mama huyo hayupo. Amwambie ageuke, yuko nyuma yake.

Asante, Bi Laini, kwa kila sauti uliyoiunganisha na mwenyewe. Kaa nyumbani kwa raha, ubishane na majirani, na Mungu akupe siku njema na nyingi.

Wenzako wa upande wa pili wa ukuta.