Sala Kwanza

Basi lilipotoka soko la mji wa Suva, mjane Laite alikuwa ameketi nyuma ya abiria wawili wasiojuana: mzee Apakuki, mwenye kikapu cha magimbi na samaki, na mchungaji kijana aliyesema anasomea shahada ya uzamili ya theolojia na huduma kwa wagonjwa.

"Basi Mungu amekuleta," mzee alisema. "Mke wangu amelazwa hospitali. Twende ukamwombee."

"Nitakuja, baba. Ila tunafundishwa kukaa kwanza, tumsikilize mgonjwa. Sala itafuata."

"Miaka yote hiyo darasani mnafundishwa kukaa? Mbona mimi nakaa bure."

Laite alificha tabasamu nyuma ya upepeo.

Kijana naye akacheka. "Kukaa kimya ni kazi, baba. Wengi wetu huomba upesi ili tuondoke upesi."

Laite alikumbuka mumewe alipokuwa kitandani. Wachungaji waliomba kwa sauti kubwa, wakala mihogo, wakaenda zao. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa neno. Hata hivyo amina zile Laite alizisema kwa moyo wote, na hazijutii.

Mzee alikipakata kikapu vizuri. "Ukimwachia aseme, atasema anakufa."

"Huenda ndilo analotaka kulisema."

"Najua, mwanangu. Ndiyo sababu nataka uombe."

Laite angewaambia kwamba mgonjwa huhitaji yote mawili, ila hakuna aliyemuuliza. Basi likasimama mbele ya hospitali, mzee na kijana wakashuka, kijana akampokea mzee kikapu, wakaingia mlangoni.