Dada Yetu, Aliyepima Kila Kitu kwa Miaka Kumi

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu ili kumsindikiza dada yetu, nawasalimu kwa heshima kwa niaba ya familia, na mimi niliyesimama hapa ni mdogo wake wa mwisho. Najua mnalojiuliza, kwamba katika familia yenye watu wengi hivi wanaojua kusoma, imekuwaje kazi hii apewe huyu huyu aliyemvunjia marehemu heshima mbele za watu, basi jibu ni kwamba sikuomba, aliniteua mwenyewe kwa maandishi, na sababu yake sikuijua hadi juzi Alhamisi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na posta, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mpanga barua na mama fundi cherehani, na kwa kuwa mama alikuwa akishona tangu asubuhi, dada ndiye aliyetuogesha, akatulisha na kutuchapa, hasa mimi.

Alianza darasa la kwanza Januari 1958 katika shule iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akamaliza sekondari Novemba 1969, akapata cheti cha uhasibu Juni 1971, na kwenye ripoti yake ya mwisho mwalimu mkuu aliandika kwamba ni msikivu ila mbishi, nami nathibitisha bila kutia chumvi kwamba ule usikivu ulipungua na ubishi ukabaki palepale.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa kuwa karani wa hesabu katika kiwanda cha sabuni, ambako baadaye alinitafutia na mimi kazi, na tarehe 20 Disemba 1975 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, ambaye mko naye hapo mbele. Watu waliwatania sana wawili hawa, kwamba mume anahangaika na sekunde na mke anahangaika na miaka, lakini waliishi pamoja miaka arobaini na minane, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1977, dereva wa lori, na kijana aliyezaliwa mwaka 1981, muuguzi, na wajukuu watano wanaokula kama mchwa.

Tarehe 3 Aprili 1989 alihamia ofisi ya dalali wa hisa, chumba cha ghorofani juu ya duka la viatu, chenye meza mbili na feni iliyopuliza karatasi zaidi ya watu, na alidumu hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Septemba 2011. Mwaka wake wa pili pale alifanya kosa ambalo alilisimulia mwenyewe kila alipopata nafasi, maana mkunga mmoja mstaafu alifika akitaka hisa za kampuni ya magunia, dada akachukua faida za kampuni hiyo za miaka kumi, akazijumlisha kama zilivyo, akagawanya kwa kumi, akapata kijifaida kiduchu, akamwambia mama wa watu kwamba bei ni ghali mno aachane nazo, na ndani ya miaka miwili bei ikapanda mara tatu. Dada alimfuata mkunga nyumbani kuomba radhi, naye hakumgombeza, alimpa kiti akamweleza kwamba mshahara wake wa kwanza, ambao siku hizi hautoshi hata nauli ya kwenda sokoni, enzi zile ulimnunulia godoro na chenji ikabaki. Ala! Dada akaelewa kwamba alikuwa amejumlisha pesa ya zamani na pesa ya leo kana kwamba zinanunua kitu kilekile, akarudi nyumbani, akashika penseli, akaandika nyuma ya mlango wa jiko bei ya mche wa sabuni ya kila mwaka tangu alipoajiriwa, na mlango huo haujawahi kupakwa rangi hadi leo, shemeji ni shahidi.

Kwa wasioijua hesabu yake, ilikuwa hivi, anachukua faida ya kila hisa kwa miaka kumi iliyopita, anaipandisha ya kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei hadi iwe pesa ya leo, anatafuta wastani, kisha anaangalia bei ya sokoni ni mara ngapi ya wastani huo, ikiwa chini ya mara kumi ananunua, ikipita mara ishirini anakunja mikono, kwa sababu alisema mwaka mmoja unaweza kuwa wa neema au wa balaa tu, na hakuna kampuni inayoishi mwaka mmoja. Hesabu hiyo haikumwambia lini bei itapanda au kushuka, na mara kadhaa alikaa pembeni miaka mitatu, minne, wenzake wakivuna, wakamwita Miaka Kumi kwa kumcheka, naye akalipenda jina.

Sasa nafika mahali ambapo natamani mtu mwingine angesoma. Mwaka 2007 mimi nilikuwa mwenyekiti wa mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na dada, ingawa alishahama, alikuwa bado mjumbe wa kamati, na tarehe 17 Februari nilileta pendekezo tununue hisa za kampuni ya rangi, iliyokuwa imepata faida ya ajabu kwa kuwa mji mzima ulikuwa unajengwa. Hisa moja ilikuwa shilingi sabini na mbili, faida ya mwaka uliotangulia kwa kila hisa ilikuwa tisa, yaani bei ilikuwa mara nane tu, nikaona ni dezo, lakini dada alisimama na daftari lake akasema wastani wa miaka kumi ni tatu, kwa hiyo tunanunua kwa mara ishirini na nne, na ujenzi ukipoa tutalia. Nikamjibu mbele ya wajumbe wote kwamba ana wivu kwa sababu wazo si lake, na kwamba amezeeka na daftari lake. Kura zilikuwa sita kwa moja, hisa zikanunuliwa, naye akaondolewa kwenye kamati, na mwenye kupendekeza aondolewe, jamani, nilikuwa mimi.

Ujenzi ulipoa mwaka uliofuata, faida ikaanguka hadi mbili, hisa ikashuka hadi ishirini na nane, na wazee waliochanganya sabuni miaka thelathini wakaona akiba yao imeyeyuka, nikawa natembea kwa kujikaza kisabuni, lakini kwa dada sikuthubutu kukanyaga kwa miezi kumi na minne, niliona haya, na nilimkosa sana. Mkutano mkuu uliitwa tarehe 14 Machi 2009, ukiwa na ajenda mbili, kuuza hisa zote za rangi na kunifukuza mimi, na watu walikuwa wamepandisha hasira kwelikweli. Dada alifika na daftari lilelile, akaomba nafasi kama mwanachama wa kawaida, nikajua leo nimekwisha, kumbe alisema wastani wa miaka kumi, mwaka wa neema wa 2007 ukiingia na miaka mibovu ya zamani ikitoka, sasa ni nne, bei ni mara saba, kwa hiyo aliyekataa kununua kwa sabini na mbili ni yeye na anayekataa kuuza kwa ishirini na nane ni yeye, halafu akaongeza kwamba hata mwenyekiti wasimpime kwa mwaka mmoja, akaketi. Hisa hazikuuzwa, mimi nilivuliwa uenyekiti nikaachwa mwanachama, na kufikia mwaka 2014 hisa ilikuwa imerudi sitini, ukiacha gawio tulilopokea kila mwaka, wazee wakastaafu na kitu mkononi, na baadhi yao wameketi hapa.

Machi 2023 marehemu alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, akagundulika kuwa moyo umepanuka, akatibiwa kwa zaidi ya mwaka akiwa nyumbani na hospitalini, akiwauliza madaktari takwimu za miaka kumi za kila dawa, hadi Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, saa tatu asubuhi, alipofariki akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkono wake ukiwa mikononi mwa fundi saa wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa mtaa wetu waliopika na kulala nasi siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya dalali, wanachama wa mfuko, na binti wa yule mkunga, aliyesafiri siku nzima ili awepo.

Juzi Alhamisi shemeji alinipa lile daftari, na kwenye ukurasa wa mwisho, wenye tarehe 13 Machi 2009, siku moja kabla ya mkutano, nilikuta jina langu la utotoni na mistari kumi chini yake. Mstari wa 1999 unasema nilimpa nusu ya mshahara fundi saa alipoumwa macho, na pembeni ameandika kwamba wakati ule mshahara wangu ulikuwa mdogo na mke wangu alikuwa mjamzito, kwa hiyo ipandishwe, mstari wa 2003 unasema nilimuuguza mama wiki tisa, ipandishwe, na mstari wa 2007 unasema tu nilimtukana, bila nyongeza yoyote. Chini kabisa, mahali ambapo kwa kampuni huandika nunua au uza, ameandika neno moja, siuzi.

Dada yangu, mlango wa jiko hatutaupaka rangi, na mimi kila Januari nitaandika bei ya sabuni. Weka kalamu chini sasa, pumzika kwa amani.