Seth Kalama Mwaringa, Karani wa Shimo la Moto

Baba Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Makadara na Mji wa Kale, nanyi mliofanya kazi naye Kilindini: aliyelala mbele yetu ni kaka yangu, Seth Kalama Mwaringa. Mimi ni Mapenzi, ninayemfuata kuzaliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniachia kazi ya kuandika wasifu huu, na aliniachia na sharti moja ambalo nitalisema likifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Septemba 1973, Makadara, hapa kisiwani Mombasa. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Mwaringa Kombe, kuli wa bandari, na Mama Dama Charo. Baba yetu alibeba magunia ya watu miaka thelathini bila kuambiwa ndani mna nini, na jambo hilo lilimkera kuliko uzito wenyewe. Alitaka mwanawe awe mtu wa kujua kilichomo.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani tangu 1980 hadi 1987, kisha ya upili kule Kilifi, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1991. Hakuwa wa kwanza darasani wala hakuburura mkia. Alichosifiwa ni hati yake na ukaidi wake. Aliwekwa kuandika mahudhurio ya darasa, na siku mwalimu alipochelewa, Seth akamwandika mwalimu naye. Alichapwa viboko vinne na hakukubali kufuta.

Mwaka 1993 aliajiriwa Kilindini kuwa karani wa kuhesabu shehena. Wenzake mnaijua kazi hiyo: unasimama chini ya winchi na ubao wako, kila kinachoteremka unakiandika, na mwisho anayepokea anatia sahihi. Sheria ya makarani, ambayo Seth aliisema nyumbani mpaka tukaichoka, ni kwamba karatasi ya asili haitoki mkononi mwako kabla ya anayeichukua kutia sahihi. Ukiitoa hivi hivi, kesho utaulizwa na hutakuwa na la kujibu.

Tarehe 25 Agosti 2001 alifunga ndoa na Truphosa Nekesa, binti wa mfanyakazi wa reli, ambaye wengi wenu mmekunywa chai yake pale Makadara. Pilau ya harusi ilipikwa na jirani yetu wa Mji wa Kale, Bwana Gharib. Masufuria yalipoanza kuingia, bwana harusi alitoka kando ya mkewe, akayahesabu yote saba, akatoa kalamu mfukoni na kumwomba Bwana Gharib atie sahihi. Bwana Gharib akamwuliza mbele ya watu, "Bwana arusi, leo waoa ama wapokea shehena?" Sahihi aliitia. Truphosa anayo karatasi hiyo hadi leo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wendy mwaka 2002 na Bramwel mwaka 2006.

Sasa nafika kwenye safari yake, na hapa naomba mnivumilie.

Februari 2008, kampuni iliyolihudumia jeshi la taifa moja kubwa ilikuja kuajiri watu Mombasa. Jina la taifa hilo sitalitaja. Katika kamati ya mazishi tuna binamu ambaye mwanawe anasubiri visa, na ameniomba nimhurumie. Nimemhurumia. Ninyi nyote mnalijua. Ndilo lililoingia Iraki kutafuta silaha ambazo hazikuwepo, kisha likahitaji watu wa kulipikia, kulifulia na kulizolea taka.

Bwana Gharib hakuipenda safari ile. Wako wengine Mji wa Kale waliokataa hata kumpa mkono, wakisema anakwenda kuwatumikia wanaoua Waislamu wenzao. Bwana Gharib alimpa mkono, lakini alimwambia, "Hao wakikutaka watakwita ndugu. Kazi ikisha, ngoja uone watakwitaje." Seth alimjibu kwamba kazi ni kazi, na ada za shule hazingoji.

Alikuwa ameandikwa karani wa ghala. Alipofika kambini, huko Iraki, aliambiwa ghala limejaa makarani, akapelekwa kwenye shimo la taka. Lilikuwa shimo pana kama uwanja wa mpira, na moto wake haukuzimwa usiku wala mchana. Kila kitu cha kambi kilitupwa humo na kumwagiwa mafuta ya ndege. Kazi ya Seth ilikuwa kusukuma taka motoni kwa chuma kirefu, akiwa amejifunga kitambaa puani. Barakoa aliambiwa zinakuja. Alikaa miaka miwili na miezi tisa, na hazikuja.

Lakini alikuwa karani. Alinunua daftari la jalada gumu, na kila jioni aliandika kilichoingia motoni siku ile, kiasi gani, na upepo ulielekea wapi. Kila ukurasa aliupigia mstari chini na kuandika "Aliyepokea", kwa mazoea tu. Mstari huo ulibaki mtupu, maana hakuna aliyekuwa akipokea.

Askari aliyelinda shimo aliitwa Morgan, kijana wa miaka ishirini na moja. Walipatana. Seth alimfundisha neno "ndugu", na Morgan akawa hamwiti vingine. Picha yao wawili, wameegemea lori na nyuso nyeusi kwa masizi, ilitundikwa ukutani kwa Truphosa kwa miaka mingi. Sasa haipo. Niliitoa mimi.

Alirudi Novemba 2010 na kuanza tena kazi Kilindini. Kikohozi alikuja nacho. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili bila vijidudu kuonekana. Kufikia 2016 hakuweza kupanda ngazi ya meli bila kukaa katikati, na mwaka 2018 aliacha kazi. Mwaka uliofuata daktari mmoja aliitazama picha ya mapafu yake, akamwuliza alikuwa akichoma nini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza. Seth alimletea daftari.

Mwaka 2022 taifa lile lilipitisha sheria ya kuwasaidia askari wake waliovuta moshi wa mashimo kama lile. Kaka yangu alifurahi sana. Alisema sasa wamekubali kwamba moshi ulikuwepo. Machi 2023 Morgan akapiga simu. Yeye naye kifua kilikuwa kinamsumbua, na alitaka kuthibitisha ni vitu gani hasa vilichomwa zamu zake. Jeshi lake halikuwa na maandishi. Kaka yangu alikuwa nayo.

Wendy alipiga picha kurasa chache kwa simu, zikatumwa. Morgan akajibu kwamba wakili wake anataka daftari lenyewe, na kwamba ombi lake likishakubaliwa, jina la Seth litaandikwa pamoja na lake ili naye asaidiwe. Seth alilifunga daftari katika karatasi ya kaki, na mimi nilimsindikiza kulituma. Nilimwuliza mbona hatunakili kwanza kurasa zote, na sahihi ya kupokelewa iko wapi. Akanitazama kana kwamba nimemtukania rafiki. "Mapenzi," alisema, "ndugu hatiliwi sahihi."

Tangu alipoanza ukarani, hilo ndilo kosa lake moja. Sisemi hivi kumlaumu. Nasema kwa sababu nina hasira.

Novemba mwaka huo Morgan aliandika: "Ndugu, daftari lako limeniokoa." Alikuwa amekubaliwa, anatibiwa. Seth alinisomea ujumbe huo mara tatu. Kisha akapeleka maombi yake mwenyewe. Kampuni iliyomwajiri ilikwisha kufungwa. Wenye bima yake walijibu kwamba picha za simu hazitoshi, alete daftari la asili. Alipomwomba Morgan alirudishe, aliambiwa limo ndani ya jalada la serikali na haliwezi kutoka. Akaomba basi barua fupi tu, ya kusema kwamba alikuwapo pale shimoni na daftari ni lake. Morgan alisema atauliza wakili. Hakujibu tena. Seth aliandikia serikali yenyewe, na Februari 2024 ikamjia barua ya aya mbili. Walimpa pole. Walisema sheria ile ni ya waliovaa sare, na kwamba yeye hakuwa askari wao wala raia wao.

Daftari walilipokea. Aliyeliandika walimkataa.

Kuanzia hapo hakutoka sana. Aliomba kitanda kihamishiwe dirishani, upande unaoingiza hewa ya baharini. Bwana Gharib alikuja kila alasiri na birika la kahawa, akakaa naye, na yale maneno ya 2008 hakuyagusa hata siku moja.

Na sharti lake ni hili. Wiki mbili kabla ya kufa, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili, aliniambia, "Usiandike 'aliugua kwa muda mfupi'. Andika nilichovuta." Kamati iliniomba nifupishe. Nimefupisha kwingine, hapa sikuweza. Marehemu aliugua miaka kumi na minne. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Aliomba azikwe papa hapa kisiwani, penye upepo, na wazee wa Kaloleni, kwetu kwa asili, wameridhia. Tunawashukuru.

Ameacha mjane, Truphosa Nekesa. Watoto wake, Wendy na Bramwel. Mama yetu, Dama Charo, ambaye hakustahili kuketi leo kwenye kiti cha kumzika mwanawe. Na sisi wadogo zake watatu.

Amewaachia pia ukurasa mmoja, kati ya zile zilizobaki kwenye simu ya Wendy. Nausoma kama alivyouandika:

"Jumanne, 14 Aprili 2009. Matairi ya lori, 22. Betri, masanduku 9. Rangi, mapipa 6. Mifuko ya hospitali, yenye damu, 31. Chupa za plastiki, hazihesabiki. Waliokuwepo: Morgan na mimi. Upepo: unatujia."

Chini kuna mstari wa Aliyepokea, mtupu. Ukurasa huo tumeuchapisha nyuma ya ratiba mliyoshika, na nakala yake kubwa iko mezani pale langoni. Mkitoka, tunawaomba kila mmoja atie sahihi yake. Bwana Gharib ndiye mwenye kalamu, na yake ameshaitia.

Kaka, imepokewa. Pumzika sasa, kifua kitulie.